MAARIFA YA UUMBAJI: Mchare na Majina ya Wataalamu

Mwenyezi Mungu alimtukuza Adamu kwa kumfundisha majina. Basi kukijua kitu kwa jina lake si jambo dogo, na mwezi huu twapenda vijana wetu waanze na kitu kilichomo chunguni mwa mama zao, nacho ni ndizi.

Mtu akifika sokoni Moshi akaomba ndizi tu, ataulizwa: ndizi gani? Mchare wa kupikia mtori, au mkono wa tembo? Wenyeji wa miteremko ya Kilimanjaro wamezipambanua tangu zamani kwa umbo, ladha na kazi yake.

Mwaka 1736 mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, aliuona mgomba ukichanua katika bustani moja ya Uholanzi, akauandikia kitabu. Mwaka 1753 akatoa utaratibu wa kuupa kila mmea majina mawili ya Kilatini: la kwanza ni la jamaa yake, mfano wa ukoo, na la pili ni lake peke yake. Jamaa ya migomba aliiita Musa, neno ambalo wengi husema latokana na Kiarabu, mauz. Mgomba mmoja akauita Musa paradisiaca, yaani wa peponi. Na baadaye mwingine Musa sapientum, wa wenye hekima.

Majina hayo ni mazuri, lakini yalipewa machotara. Migomba mingi tuilayo matunda yake yatokana na mimea miwili ya mwituni huko Asia, Musa acuminata na Musa balbisiana, ambayo matunda yake yamejaa mbegu. Kwa hiyo mwaka 1955 Simmonds na Shepherd walipendekeza kila mgomba utambuliwe kwa wazazi wake. Mkono wa tembo huandikwa AAB, maana yake mafungu mawili ya urithi wa acuminata na moja la balbisiana. Mchare huandikwa AA, wote ni acuminata.

Kijana atauliza: herufi hizi zaongeza nini chunguni? Faida yake ni hii. Mchare hushambuliwa na mnyauko fuzari, ugonjwa wa kuvu ikaayo udongoni miaka mingi, na shamba likishaingiliwa ni taabu kubwa kulisafisha. Lakini miongoni mwa acuminata za mwituni imo inayoustahimili. Kwa kuujua udugu huo, watafiti walioko Arusha huuzalisha mchare na jamaa zake ili wapate miche yenye nguvu. Asiyeijua nasaba hajui wapi pa kuomba msaada.

Na kundi hili la AA la Kilimanjaro wataalamu wameliitaje? Wameliita Mchare, jina lile lile la mabibi zetu! Hivyo elimu ya maabara imekuja kuazima kwa elimu ya kihamba.

Enyi vijana, someni Kilatini cha wataalamu wala msikiogope. Lakini kwanza wafuateni wazee migombani, mwulize jina la kila mgomba na sababu yake, myaandike. Mzee akiondoka na majina hayo kifuani, hakuna kitabu kitakachoyarudisha.