Hiyo X Yenu Ina Mwenyewe

Kuna sentensi moja imenichosha: "Tangu nitoke shule sijawahi kutumia hizo hesabu za grafu." Watu wanaisema wakicheka, utadhani ni cheo. Utaisikia kwa stage hapa Voi, utaisikia kwa redio, na juzi nimeisikia ikisemwa na mtu mzima mbele ya wanafunzi. Wanafunzi wakapiga makofi.

Leo naibomoa. Na sianzi na roketi. Naanza na mjomba wangu wa Sagalla.

Mjomba analima mahindi na ndengu Sagalla ya chini, kule ndovu wa Tsavo Mashariki wanapita. Kama una mtu wako kule, unajua msimu wa mavuno hakuna kulala. Ni tochi, ni moto, ni kupiga debe hadi alfajiri. Ndovu wakiingia usiku mmoja tu, karo ya muhula imeliwa. Sasa mzee ana mazoea yake: kila usiku ndovu wakikaribia shamba, asubuhi anachora msalaba kwa kalenda ya ukutani. Kalenda za miaka mitatu ziko kwa msumari mmoja.

Desemba nilipoenda kumsalimia, nilizishusha. Nikahesabu misalaba ya kila mwezi, nikaweka nukta kwa karatasi ya grafu: miezi chini, idadi ya misalaba kando. Manze, nilinyamaza. Nukta zilipanda, zikashuka, zikapanda tena, zikashuka. Vilima viwili kila mwaka, vimeachana kama miezi sita hivi.

Hiyo picha niliichora kidato cha nne. Ni grafu ya sine! Wimbi likijirudia kila miezi sita, unagawa digrii 360 kwa 6, unapata 60. Yaani sin 60x, na x ni mwezi. Mbele unaweka namba ya kuonyesha kilima kimepanda kiasi gani, unaongeza wastani wa misalaba, halafu unalisogeza wimbi lianze mwezi unaofaa. Basi, umepata funksheni ya usiku wa mjomba wangu. Na sababu yake kila mtu Taita Taveta anaijua: mvua zetu ni mbili, ya Machi hadi Mei na ya Oktoba hadi Desemba, kwa hivyo chakula kinakomaa shambani mara mbili.

Haikukaa sawasawa. Mwaka mmoja kilima kimoja hakikuwepo kabisa. Nikamuuliza. "Msimu huo mvua ilikataa, mwanangu," akasema. "Wangekuja kula nini?"

Sasa nikasirike ama nisikasirike? Shuleni nilichora sin 60x kwa penseli iliyochongwa vizuri. Nikapata alama zote. Lakini hakuna siku niliambiwa x ni nani. Niliwahi kuuliza, nikajibiwa: itakuja kwa mtihani. Kweli, ilikuja. Nikaijibu, nikaisahau.

Na msiniambie haiko kwenye silabasi. Kuweka nukta za data na kuchora mstari unaopita katikati yake iko kidato cha tatu. Riba ya kupanda juu ya riba iko hapo hapo, ile ya mtaji mara moja jumlisha asilimia, halafu unapandisha kwa idadi ya miaka. Tunafundishwa kana kwamba pesa za benki ndizo pekee zinazozaana duniani.

Chukua ndovu wa Tsavo. Hesabu ya mwaka 1988, baada ya ujangili mkali, ilikuta kama 6,400 hivi. Mwaka 2011 walihesabiwa 12,573. Weka kwa ile fomula ya riba: 6,400 mara 1.03, ipandishe kwa miaka 23. Unapata kama 12,600. Asilimia tatu kwa mwaka, imeingia karibu kabisa!

Sasa endelea mpaka 2014. Fomula inasema wawe karibu 13,800. Walipohesabiwa walikuwa kama 11,000. Ndovu kama 2,800 ambao grafu iliwatarajia hawakuonekana. Hapo ndipo wanaochukia hesabu wanasema, "Si unaona, fomula imedanganya." Hapana. Fomula imekuonyesha pa kuuliza. Kuna kitu kilibadilika kati ya 2011 na 2014, na hiyo ndiyo miaka ujangili wa pembe ulikuwa umepamba moto tena. Mei 2014 ndipo Satao, yule dume mwenye pembe za kufika chini, aliuawa kwa mshale wa sumu. Bila ile grafu, 11,000 ni namba kubwa tu ya kufurahisha wageni.

Na fomula hiyo hiyo ukiikimbiza hadi 2100 inakupa ndovu zaidi ya 170,000 Tsavo, wakati Kenya nzima mwaka 2021 ilihesabiwa 36,280. Sisi tungekaa wapi, juu ya reli? Kwa hivyo lazima mstari upinde mahali, kwa sababu nyasi na maji vina mwisho. Kujua fomula inaishia wapi ni nusu ya kuijua.

Kuna watu walifanya hii kazi hapa hapa kwetu. Wale wa uzio wa mizinga ya nyuki Sagalla walihesabu ndovu kwa miaka tisa, msimu kwa msimu, na matokeo yakachapishwa 2024. Kwenye misimu mazao yamenona, uzio uligeuza hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia. Na data hiyo hiyo ikaonyesha ukame wa 2017 ulivyoangusha asali. Wakulima wetu wamekuwa sehemu ya sayansi inayosomwa duniani, halafu mtoto wao akiwa darasani anapewa zoezi la ndege inayopaa kutoka mji asioujua.

Nasema haya sasa kwa sababu ya Gredi ya 10 iliyoanza Januari 2026. Wizara ilitaka hesabu iwe ya hiari kwa wasiosoma STEM, watu wakapiga kelele, ikarudi kuwa lazima: Core kwa walio STEM, Essential kwa wengine. Sina ugomvi na kugawanya. Hofu yangu ni Essential igeuzwe kapu la waliokatiwa tamaa, na wengi wao watakuwa watoto wa shule zetu ndogo za mashambani. Mkulima, mwandishi wa habari na MCA wote watakutana na grafu: ya fidia, ya mvua, ya deni la kaunti. Asiyeisoma atasomewa, na anayemsomea ana mambo yake.

Najua utasema, "Mwalimu ana wanafunzi sitini na silabasi ya kumaliza." Ni kweli, namhurumia. Lakini kubadilisha swali moja hakuhitaji bajeti. Badala ya "chora y ni sawa na sin 60x," andika milimita za mvua ya Voi, miezi kumi na miwili, useme: tafuteni wimbi.

Na wewe unayejivunia kufeli, chukua daftari. Hesabu kitu kimoja kwa mwezi mzima: bei ya nyanya sokoni, siku mfereji umetoa maji, nauli ya Voi kwenda Wundanyi. Weka nukta, tafuta mstari. Usipoupata, uliza kwa nini.

Mimi nimeshamnunulia mjomba kalenda mpya. Ameanza kuandika na mvua.