Mkihama seva, si mseme?

Wadau, leo naongea na stesheni za redio zinazohama usiku kama mpangaji mwenye deni la kodi.

Ukiwa hapa Makindu huwezi kujua kuna shida. Susu anawasha redio yake ya betri, FM ni ileile, matangazo ya vifo yanasomwa kama kawaida. Lakini anti yangu anafanya kazi ya nyumba Riyadh, na FM ya huku haifiki Riyadh. Usiku akimaliza vyombo alikuwa anasikiliza Kikamba kwa simu. Siku moja akabonyeza, kimya. Akaongeza bando, kimya. Akafuta programu, akaiweka upya, bado. Wiki mbili akidhani simu ndiyo imeharibika. Kumbe stesheni (siitaji jina) ilikuwa imehamia kampuni nyingine ya kurusha matangazo kwa intaneti, na haikumwambia mtu.

Ndani ya hizo wiki mbili, mama waliyeimba naye kwaya alizikwa hapa Kiboko. Tangazo lilisomwa siku tatu. Sisi nyumbani tulidhani amesikia redioni, kama kawaida yake. Alijua baada ya mazishi.

Linki ya redio ni anwani tu. Ukihama seva bila mpango, kila programu iliyohifadhi anwani ya zamani inakufa nayo. Na dawa ipo: acha anwani ya zamani iwapeleke watu kwa mpya, hata miezi mitatu. Mimi niliacha chuo na hilo nalijua.

BBC nayo iliwafungia BBC Sounds wasikilizaji walio nje ya Uingereza tarehe 21 Julai 2025. Watu walikasirika, na ni haki yao. Lakini angalau walitangaziwa miezi kabla, wakaambiwa waende BBC.com na programu ya BBC. Sisi tunapewa kimya.

Mtaniambia seva ni pesa, na watu wa ughaibuni hawawaletei matangazo ya biashara. Sawa. Mbona kukiwa na mchango wa bili ya hospitali mnasoma namba ya M-Pesa mkiwaita "watu wetu walio mbali"? Hapo mnawakumbuka vizuri sana.

Basi kama hamna hela ya kulipia seva mbili, maikrofoni mnayo. Semeni kila saa, mwezi mzima: tunahama, linki mpya ni hii, mpigie mtu wako aliye nje. Susu angempigia anti jioni hiyohiyo.