Shairi Nisilolipenda

Muhula uliopita, katika shule moja isiyo mbali na mji wa Rongo, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniletea utungo wake kuhusu wachimba dhahabu wa Migori. Haukuwa na vina wala mizani, na mishororo mingine ilikuwa ya neno moja tu. Niliandika chini yake kwa wino mwekundu: "Hili si shairi." Nakiri kwamba hukumu hiyo haikuwa ya mwalimu. Ilikuwa ya mtu aliyeudhika.

Ndugu wasomaji, mimi ni mfuasi wa arudhi. Nimelelewa na tarbia, mishororo minne ya mizani 16, na sikio langu hukwaruzwa na kila mshororo unaokatika ghafla. Wala si mimi wa kwanza kulalamika. Tangu Euphrase Kezilahabi achapishe diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, mabingwa wetu wamezozana kama utungo usio na vina na mizani unastahili kuitwa shairi. Wapo walioona kwamba kuzivunja kanuni hizo ni kuuvunjia heshima urithi wa Waswahili, na hofu yao si ya kupuuzwa. Sanaa iliyohifadhiwa Pwani kwa karne nyingi haifai kutupwa ati kwa kuwa kanuni zake ni ngumu.

Hata hivyo, Jumamosi iliyofuata nilihudhuria mazishi, na hapo palikuwa na mpiga nyatiti. Aliketi juu ya kigoda, njuga mguuni, pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu akiigonga kwenye mti wa ala hiyo ya nyuzi 8. Alimsifu marehemu, akawataja wajomba zake, akakatiza, akaanza upya, maneno marefu kwa mafupi. Sikusikia kina hata kimoja, na wazee walilia. Hakuna aliyeuliza kama ile ilikuwa sanaa. Nami sikuuliza! Kwa nini basi nimdai kijana yule vina, kwa sababu tu ameandika kwa Kiswahili? Kezilahabi mwenyewe, aliyefariki mwaka 2020, alikuwa mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa kilichomo katika ziwa letu hili hili.

Sisemi kwamba kila sentensi iliyokatwakatwa ni shairi. Wavivu wapo, na wengi wao hujificha humo. Lakini niliporudi nyumbani niliusoma tena ule utungo, safari hii bila kalamu mkononi. Maneno yale ya moja moja yalishuka ukurasani kama mtu ashukavyo shimoni kwa kamba, na pale mshororo ulipokatika, kamba nayo ilikuwa imekatika. Ningemlazimisha atie vina, mchimbaji yule angefika chini salama.

Bado silipendi shairi hilo. Niliifuta hukumu yangu nikampa alama 14 kwa 20, nikazizuia sita kwa makosa ya tahajia na kwa taswira moja aliyoirudia bila sababu. Juzi alikuja ofisini kulalamika juu ya hizo sita.