BOMU HALITAMKI SHAHADA

Bismillah.

Ijumaa iliyopita hapa Katesh, baada ya swala, vijana walinizunguka barazani. Mmoja akasema: "Sheikh, Pakistani inaheshimika kwa sababu ina nyuklia. Lile ni bomu la Waislamu." Akaleta na dalili, aya ya 60 ya Suratul Anfal, ya kuandaa nguvu. Nikamwambia asome na ya 61, inayotutaka tukubali amani adui anapoielekea.

Sikumlaumu. Mei 1998 Pakistani ilipojibu majaribio ya India kwa kulipua ya kwake kule Chagai, mimi mwenyewe nilisikia redioni nikapiga takbira. Wenzetu wa kule mpaka leo huiita 28 Mei Siku ya Takbira. Nchi nzima inajitambulisha kwa bomu, na bado inabisha hodi IMF kukopa.

Mtume wetu (s.a.w.) alikataza kuua wanawake na watoto vitani. Bomu la Hiroshima la 6 Agosti 1945 lilimbagua nani? Na urani yake nyingi ilitoka Shinkolobwe, Katanga, hapa kwa jirani zetu Wakongo.

Sisi wa Hanang tunakijua kifo kisichochagua. Tarehe 3 Desemba 2023 tope lilishuka kutoka mlimani, watu zaidi ya 80 wakafa. Tulizika watoto. Ile ilikuwa qadari ya Allah, tukasubiri. Sasa mwanadamu akae ofisini apange msiba kama huo mara elfu, kisha nasi tuuite fahari ya Uislamu?

Kijana akanibana: Gaddafi aliacha mpango wake wa nyuklia 2003, na 2011 akauawa. Kusema kweli, hapo nilinyamaza kidogo. Wenye mabomu wanaogopwa, siwezi kukataa.

Lakini 1984 Mwalimu Nyerere, nchi yetu ikiwa haina hata sukari ya kutosha madukani, alisimama na Indira Gandhi, Olof Palme na viongozi wa Argentina, Meksiko na Ugiriki kuwataka wakubwa waache kuunda silaha hizo. Afrika Kusini ilivunja mabomu yake sita, ikatangaza 1993. Mwaka 1996 Afrika ikasaini Mkataba wa Pelindaba kuzikataa silaha hizo barani kote, nasi Tanzania tumo.

Na urani tunayo, Mto Mkuju, Namtumbo. Wanangu, hiyo ndiyo ya kuwauliza wabunge wetu: itauzwa kwa nani, kwa kazi gani?

Wallahu a'lam.