Sanamu Ina Mpira Kwapani

Mwaka 1956 timu ya Notre Dame ilicheza mechi kumi, ikashinda mbili na kufungwa nane. Kwotabeki wake, Paul Hornung, alirusha pasi tatu za kufunga na pasi 13 zilizoishia mikononi mwa wapinzani. Msimu ulipokwisha akapewa tuzo ya Heisman, yaani akatangazwa kuwa mchezaji bora kuliko wote wa futiboli ya vyuo vikuu nchini Marekani. Jim Brown wa Syracuse, ambaye katika mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida dhidi ya Colgate alifunga pointi 43 peke yake, akawa wa tano.

Wa tano. Rudia kusoma kama hujaamini.

Nimtendee haki Hornung. Alikuwa mwanamichezo hodari: alikimbia na mpira, aliurusha, aliupiga mateke, na zamu ya ulinzi ikifika alilinda. Lakini mahodari walikuwa wengi mwaka ule, na wengine walikuwa wanashinda. Alichowazidi wenzake ni jezi ya Notre Dame, chuo ambacho habari zake zilisomwa kuanzia New York hadi California. Tommy McDonald wa Oklahoma, timu ambayo haikufungwa hata mara moja, alipata kura nyingi zaidi za nafasi ya kwanza kuliko Hornung na bado akaishia wa tatu, kwa sababu jumla ya pointi ilimwangusha. Na Brown alikuwa Mweusi. Ligi ya SEC, inayokusanya vyuo vikubwa vya kusini mashariki, haikuwa na mchezaji Mweusi hata mmoja wa futiboli uwanjani hadi 1967. Mweusi wa kwanza kushinda Heisman alikuwa Ernie Davis, mwaka 1961, naye alitoka Syracuse hiyo hiyo na kuvaa namba 44 ile ile ya Brown.

Kila Desemba tunabishana nani anastahili, kana kwamba mizani iko sawa na kilichobaki ni kupima tu. Mimi nasema mizani yenyewe imepinda, na ubaguzi wa 1956 ulikuwa sehemu moja tu ya upindaji huo. Sehemu nyingine ipo hadi leo, na hakuna anayeionea haya.

Itazame sanamu yenyewe. Ilianza kutolewa mwaka 1935 na Downtown Athletic Club ya New York, wa kwanza kuipokea akiwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka uliofuata John Heisman, mkurugenzi wa michezo wa klabu hiyo, akafariki, na tuzo ikapewa jina lake. Ni sanamu ya mchezaji anayekimbia, mpira ameubana kwapani, mkono wa pili ameunyoosha kumsukuma mtu. Mtu gani? Hayupo. Aliyechonga hakumchonga. Mlinzi anayesukumwa ni hewa, na miaka karibu 90 ya kura imemfanya aendelee kuwa hewa.

Kwa msomaji aliyezoea kandanda, maelezo kidogo. Katika futiboli ya Kimarekani timu ina kikosi cha watu kumi na mmoja wa kushambulia na kingine cha kulinda, na wanapokezana kadiri mpira unavyobadilisha mikono. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira karibu kila unapoanzishwa, kisha anaamua aurushe, amkabidhi mkimbiaji, au akimbie nao mwenyewe. Mbele yake wamesimama majitu watano ambao kazi yao ni kumkinga, na kwa kawaida hawaruhusiwi hata kupokea pasi. Upande wa pili, walinzi wanaishi kwa kuharibu. Sasa hesabu: kati ya mwaka 2000 na 2024 tuzo ilitolewa mara 25. Makwotabeki walichukua mara 20. Waliobaki ni Reggie Bush, Mark Ingram, Derrick Henry, DeVonta Smith na Travis Hunter. Wakimbiaji watatu, mdakaji mmoja, na Hunter ambaye nitamfikia.

Hakuna mtu wa mstari wa mbele wa kushambulia aliyewahi kushinda, hata mmoja, tangu 1935. John Hicks wa Ohio State alikaribia mwaka 1973, akawa wa pili. Orlando Pace, wa chuo hicho hicho, akawa wa nne mwaka 1996. Hugh Green wa Pittsburgh, mlinzi aliyekuwa jinamizi la makwotabeki, alikuwa wa pili mwaka 1980. Wa pili, wa nne, wa pili. Hawa ndio wanaoalikwa harusini ili wabebe viti.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa takwimu, hunijibu kwamba hakuna dhuluma hapo. Kwotabeki anagusa mpira kila mara, anasema, kwa hiyo thamani yake ni kubwa, kwa hiyo anashinda. Ungetaka apewe nani, mbeba maji? Ni hoja nzuri mpaka uisikilize mara ya pili. Tuzo haiulizi ni nafasi gani uwanjani iliyo muhimu zaidi. Kama ingekuwa hivyo, tusingehitaji kura. Tungempa kwotabeki wa timu bora kila mwaka na kwenda kulala. Inauliza ni mchezaji gani amecheza vizuri kuliko wote. Mtu anaweza kufanya kazi ndogo kwa ubora ambao hakuna mwingine nchini anaufikia, na mwingine akafanya kazi kubwa vizuri tu.

Halafu kuna suala la namba. Kwotabeki ana yadi zake, pasi zake, tachidauni zake. Unaweza kuzisoma kwenye simu bila kutazama mechi hata dakika moja. Mlinzi wa pembeni akiwa bora kweli kweli, wapinzani wanaacha kurusha mpira upande wake. Jioni nzima hapati kitu. Karatasi ya takwimu inasema hakufanya lolote, ilhali amefunga theluthi ya uwanja kama mlango. (Makipa wanalijua hili. Ballon d'Or imempa kipa mara moja tu, Lev Yashin, 1963.)

Ndiyo maana narudi mwaka 2009 kila mjadala huu unapoanza. Ndamukong Suh alikuwa mlinzi wa katikati wa Nebraska, mtoto wa baba Mkameruni na mama Mjamaika, mwili kama kabati. Tarehe 5 Desemba walikutana na Texas kwenye fainali ya ligi ya Big 12 huko Arlington. Kwotabeki wa Texas alikuwa Colt McCoy, mmoja wa waliotajwa sana kwa Heisman. Suh alimwangusha kabla hajarusha mpira mara nne na nusu. Ndiyo, nusu huhesabiwa, pale walinzi wawili wanapomfikia pamoja. Katika nafasi yake, ambako kawaida mtu anabanwa na wawili ili wenzake wapite, kumwangusha kwotabeki mara moja ni jioni njema. Wakati fulani alimzungusha McCoy na kumtupa pembeni kama mtu anayetoa nguo kwenye beseni. Texas waliponea chupuchupu: waamuzi walirudisha sekunde moja kwenye saa, Hunter Lawrence akapiga teke la yadi 46, wakashinda 13 kwa 12.

Wapiga kura waliona mechi hiyo. Haikuwa mechi ya usiku wa manane huko California. Kisha wakapiga kura hivi: Mark Ingram wa Alabama pointi 1,304, Toby Gerhart wa Stanford 1,276, Colt McCoy 1,145, Ndamukong Suh 815.

Tafakari hapo kidogo. Mtu aliyepigwa chini usiku kucha akawekwa juu ya mtu aliyempiga chini. Ningeelewa kama Suh angeshindwa na Ingram. Ningeelewa hata Gerhart, ambaye kwa kweli alikuwa na yadi na tachidauni nyingi kuliko Ingram, ila alizipata pwani ya magharibi, ambako mechi za usiku huanza watu wa New York wakiwa wanapiga mswaki. Mimi huku Afrika Mashariki huzitazama na chai ya asubuhi ya Jumapili, wao wamelala. Lakini McCoy? Sababu niijuayo ni moja: yeye ni kwotabeki, timu yake haikufungwa, na jina lake lilikuwa limeshaandikwa kwenye vichwa vya watu tangu Agosti.

Wapiga kura ni waandishi na watangazaji 870, mikoa sita yenye watu 145 kila mmoja, pamoja na washindi wa zamani walio hai na kura moja ya mashabiki. Kila mmoja anaandika majina matatu: pointi tatu, mbili, moja. Ni watu wenye kazi zao, wengi wanafuata timu moja msimu mzima. Siwalaumu kwa kutoona kila kitu. Nawalaumu kwa kujaza wasichokiona kwa umaarufu, na vyuo vinalijua hilo. Mwaka 2001 Oregon walilipa dola 250,000 kuweka bango kubwa la kwotabeki wao, Joey Harrington, katikati ya Manhattan. Mwaka 1970 Notre Dame walibadili hata matamshi ya jina la Joe Theismann ili lifanane na Heisman! Akawa wa pili, lakini kijana wa watu amebaki na matamshi hayo.

Sasa Hunter. Mwaka 2024, Travis Hunter wa Colorado alicheza pande zote mbili, mdakaji na mlinzi wa pembeni, akawa uwanjani zaidi ya mara 1,300 mpira ulipoanzishwa. Hadi siku ya kura alikuwa amedaka pasi 92 kwa yadi 1,152 na tachidauni 14, na kunyakua pasi nne za wapinzani. Mshindani wake, Ashton Jeanty wa Boise State, alikuwa amekimbia yadi 2,497. Hunter akashinda, pointi 2,231 kwa 2,017, na wapenzi wa Jeanty hawajanyamaza.

Hoja yao kubwa ni kwamba Jeanty alikuwa anaikimbilia rekodi ya Barry Sanders, yadi 2,628 za mwaka 1988. Alimaliza na 2,601. Wanasahau kusema kwamba Sanders alizipata katika mechi 11 na Jeanty katika 14. Ilikuwa kazi kubwa, tena ya kupendeza, kwenye timu isiyo na jina kubwa, na mwaka mwingine ningempigia kura bila kusita. Lakini hakuna kizazi hai kilichomwona mtu akifanya alichofanya Hunter kwa kiwango kile. Hunter alistahili.

Kinachonikera ni sababu ya ushindi wake. Muondolee udakaji, mwachie ulinzi peke yake, mlinzi bora kabisa, na hata kwenye orodha ya waalikwa asingekaribia. Kabla yake alikuwa Charles Woodson wa Michigan, 1997, mlinzi wa kwanza kushinda, aliyempiku Peyton Manning. Naye alihitaji kudaka pasi kadhaa na kukimbia yadi 78 na mpira uliopigwa teke na Ohio State ndipo watu waone alichokuwa akikifanya mwaka mzima bila mpira. Wote wawili waliingia kwa mlango wa washambuliaji.

Ningekuwa na mamlaka, kwanza ningesogeza kura hadi Januari. Mwaka 2005 Reggie Bush wa USC alimshinda Vince Young wa Texas. Tarehe 4 Januari 2006 wakakutana kwenye Rose Bowl, Young akakusanya yadi 467 na kushinda 41 kwa 38, kura zikiwa zimekwisha kuhesabiwa. Baadaye Bush aliachia tuzo, 2010, kwa sababu ya zawadi na fedha zilizopokewa na yeye na familia yake, enzi ambayo chuo kingeweza kuuza jezi namba 5 lakini aliyeivaa asiguse senti. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa majina yao, na Aprili 2024 wakamrudishia sanamu. Miaka 14 ya unafiki, na Young hakupewa chochote.

Pili, kila kura ichapishwe na jina la aliyeipiga. Tatu, na hili litawakera wengi, jina moja kati ya matatu liwe lazima la mlinzi au la mtu wa mstari wa mbele. Mtaniambia ni upendeleo. Upendeleo upo tayari, mara 20 kati ya 25. Ninachotaka ni mwandishi wa Atlanta au Seattle alazimike, Jumamosi moja ya Novemba, kuacha kuufuata mpira kwa macho na kumtazama namba 93 akibanwa na wawili.

Kwa kumbukumbu: timu za kulipwa, ambazo makosa yao huwagharimu mamilioni, zilimchagua Suh wa pili Aprili 2010. Ingram alisubiri mwaka mmoja, akawa wa 28.