Mbegu za Desmodiamu Zinahitaji Turubai, Si Programu ya Simu

Leo tuiweke kompyuta kando kidogo. Teknolojia si lazima iwe na skrini.

Kisii na Nyamira mashamba ni madogo, kwa hiyo wengi hufugia ng'ombe zizini na kuwakatia nepia. Tatizo ni kwamba nepia ikikomaa, protini hupungua. Desmodiamu, mmea unaotambaa wa jamii ya maharagwe, huziba pengo hilo na kurutubisha udongo kwa naitrojeni. Pia ndiyo hupandwa katikati ya mahindi kwenye mbinu ya Vuta-Sukuma, ambayo ICIPE na washirika wake waliianzisha mashambani mwaka 1997 kupambana na viwavi wa mabua na gugu la striga.

Sasa mbona mbegu yake ni adimu na ghali? Jibu liko kwenye uvunaji. Desmodiamu haikomai kwa mpigo. Kwenye shina moja utakuta maua, maganda mabichi na maganda makavu. Makavu hukatika vipande vipande na kuanguka, au hunata kwenye nguo za mpita njia. Mbegu zenyewe ni ndogo mno: kilo moja ya Greenleaf ina zaidi ya mbegu 500,000. Ukivuna mara moja, lazima upoteze: za mapema zimeshaanguka, za mwisho bado mbichi.

Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu. Ukingoja kila kitu kiwe tayari siku moja, utangoja sana. Toa kidogo kidogo. Mkulima naye avune kwa awamu: mmea upandishwe kwenye ua au vijiti usilale chini, turubai litandazwe, na maganda ya kahawia tu yachumwe kila baada ya siku chache. Yaanikwe chini ya paa, maana huku mvua huzidi milimita 1,500 kwa mwaka. Kisha yasuguliwe, yachekechwe, yapepetwe.

Kuna watakaosema vipando vya shina vinatosha. Kwa jirani, sawa. Lakini vipando ni mzigo, hunyauka njiani na hungoja mvua. Mbegu husafiri mfukoni.

Ila tusidanganyane, kuchuma kwa awamu kunakula muda, na mara nyingi muda huo ni wa akina mama. Mashine kubwa ya kuvunia haiwezi kupanda vilima hivi. Kinachokosekana ni kifaa kidogo cha kusugulia maganda na chekeche la matundu sahihi, vitu ambavyo fundi wa jua kali anaweza kuvitengeneza kwa kushirikiana na watafiti wa KALRO walioko Kisii.

Kabla ya kutafuta fedha za programu nyingine ya "kuunganisha mkulima na soko", tujiulize: atauza nini kama mbegu zimebaki chini?