Mcheri wa Bwaise

Mwezi huu tulitaka kuendelea na habari za majiko banifu, lakini yatangoje kidogo. Tumerudi Kampala na jambo ambalo limetukaa moyoni.

Tulikwenda kumsindikiza mgonjwa wetu Mulago, na ukishafika Mulago, Bwaise si mbali. Tukasema hebu tupite tuwajulie hali watu wetu waliotoka hapa kambini kwenda kujitafutia mjini. Wale wanaosema wenzetu wa mjini wanakula raha tu, waende Bwaise siku ya mvua. Pale palikuwa kinamasi kabla watu hawajajaza udongo wakajenga. Maji ya vilima yanateremka kuelekea mifereji ya Nsooba na Lubigi, na mifereji ikijaa maji yanageuka, yanaingia nyumbani bila hodi. Ndiyo maana utaona vizingiti virefu vya saruji milangoni, na vitanda vimeinuliwa juu ya matofali.

Katika ua mmoja wa mizigo, ile nyumba ya chumba kimoja kimoja ya kupanga, tulimkuta mama mmoja wa kwetu Kivu. Mbele ya mlango wake kuna mkebe wa rangi, ndani yake mche unaofika kiunoni. Tukamuuliza, "Mama, huu mti gani tena?" Akajibu kwa furaha, "Ni cheri, wanangu. Ule wa kwa binti yangu."

Binti yake alipata safari ya Marekani na anakaa karibu na Washington. Kila majira ya maua anamtumia mama picha akiwa amesimama chini ya micheri iliyochanua, nyeupe na waridi, mpaka majani hayaonekani. Mama akatamani. Siku moja akapita muuza miche na baiskeli, akamwambia ule ndio mcheri wenyewe wa Japani, mdogo, wa kupamba ua, maua mwaka wa kwanza na matunda mwaka wa pili. Mama akatoa shilingi 30,000. Zilikuwa za posho na maharage. Mume wake hakusema naye siku tatu, na sisi hatumlaumu sana.

Tunaandika haya kwa sababu muuzaji huyo au ndugu zake wanaweza kufika hata huku.

Mcheri wa maua ni mti wa nchi zenye baridi. Miezi ya baridi unapukutisha majani na kulala, na hauamki vizuri mpaka umehesabu wiki nyingi za baridi kali, kama nyuzi 7 kushuka chini. Kampala iko karibu na ikweta, mita 1,200 hivi juu ya bahari, na usiku wetu kwa kawaida haushuki sana chini ya nyuzi 15. Mti unangoja baridi ambayo haiji. Unaweza kutoa majani, ukadumaa, ukakaa hivyo. Maua kama yale ya picha, hapana.

Tena ile micheri maarufu ya maua haipandwi kwa mbegu. Hukatwa kijiti cha mti mzazi kikaunganishwa kwenye shina la mti mwingine wa ukoo wake. Na imechaguliwa kwa ajili ya maua, si matunda. Kwa hiyo anayekuahidi maua na vikapu vya cheri juu ya mche huo mmoja, muage kwa heshima.

Hiyo ya Washington nayo ina safari yake, na nyinyi mtaielewa kuliko watu wengi. Mji wa Tokyo uliitoa zawadi. Miti 2,000 ilifika Januari 1910, ikapimwa, ikakutwa na wadudu na magonjwa. Haikupita. Ilichomwa moto, kwa idhini ya rais Taft mwenyewe. Wajapani hawakukata tamaa, wakatuma mingine 3,020, na hiyo ikapita vipimo na kuanza kupandwa Machi 1912. Tulipomsimulia mama alicheka mpaka akashika mbavu: "Kumbe hata miti inafanyiwa medikali!"

Baadaye tukamwomba ruhusa tufikiche jani moja. Jani la jamaa ya mcheri likifikichwa mara nyingi lina harufu kama ya lozi chungu. Wazee wa milimani kwetu wanaijua harufu hiyo, maana Afrika ina ndugu yake wa porini, mueri, unaoitwa na wataalamu Prunus africana. Upo misitu ya Kivu, Ruwenzori, Elgon mpaka Kilimanjaro. Una maua madogo meupe, lakini ni mti mrefu wa msitu, si wa kuweka kwenye mkebe. Gome lake linatengenezewa dawa ya tezi dume Ulaya, na watu waliuchuna vibaya hadi tangu 1995 biashara yake kati ya nchi na nchi ikatakiwa vibali. Angalizo kwa wazazi: majani na mbegu za ukoo huu zina sumu, watoto wasitafune, na mbuzi wasipewe.

Basi tukafikicha. Hakuna lozi. Majani yamekaa wawili wawili, mishipa imetokeza upande wa chini, na harufu... kila mtu uani aliijua kabla hatujasema. Mpera. Mpera wa kawaida, ambao sokoni Kalerwe ungemnunua kwa pesa kidogo sana.

Mama alinyamaza. Tuliona aibu, tukafikiri afadhali tungekunywa chai tukaenda zetu. Mume wake, aliyekuwa anashona kiatu mlangoni, ndiye aliyesema: "Si utazaa? Watoto watakula." Na kweli utazaa, miaka miwili mitatu hivi, na maua yake pia ni meupe, ingawa si ya kupigia picha. Tena mpera unavumilia maji yaliyotuama kwa muda, jambo ambalo mcheri haupendi kabisa. Tulimshauri atoboe mkebe matundu zaidi chini, auinue juu ya mawe, na usiku wa mvua asihangaike nao. Tulisikia kwa majirani kwamba mafuriko yaliyopita alipandisha mkebe kitandani kwanza, godoro baadaye. Kuupanda ardhini hataki: nyumba si yake, na akihama anahama nao.

Kilichobaki ni binti. Mama alikwisha kumwambia kwenye simu kwamba naye sasa ana mcheri wake Bwaise, na binti alilia kwa furaha. Sasa amwambieje? Sisi wenyewe tuligawanyika njiani kurudi. Wengine tulisema aseme leo leo, wengine tukasema angoje mapera yaive, kisha atume picha. Mama ameamua kungoja, akatuomba tusimseme. Tunadhani jarida letu halifiki Washington. Kama linafika, binti, tusamehe, na ukimpigia mama usiulize habari za maua.